Idara ya Barafu, Kiogoro

Katika karakana yetu ya Kiogoro, mtu akiondoka hupewa mwavuli mweusi na chupa ya chai, kisha huitwa mstaafu, awe na umri wowote. Desturi hiyo ililetwa na Mwalimu Obare, mwenye karakana. Alipostaafu ualimu wa fizikia kule Nyamira alipewa vitu hivyo hivyo, akaona haifai mtu atoke mahali alipofanya kazi akiwa mikono mitupu. Kwa hiyo mimi, Kerubo, ambaye sijafika miaka thelathini, ni mstaafu tangu Ijumaa iliyopita. Mwavuli nimeujaribu. Unafunguka vizuri, ingawa nina wasiwasi na kifungo chake.

Mstaafu hutakiwa pia kuwaachia wanaobaki maneno machache. Wengine husimama wakasema. Mimi niliomba niandike, kwa sababu nikisema jambo hurudi nyuma kulirekebisha, kisha narekebisha yale marekebisho, na soda za watu zinaisha gesi. Haya basi ni yenu ninyi wawili mliotoka chuoni juzi na kukabidhiwa benchi langu. Juu yake mtakuta kibao kilichoandikwa IDARA YA BARAFU. Alikiandika Fundi Ombui, msimamizi wetu, kwa mzaha. Idara hiyo ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu, nami ndiye niliyekuwa mkuu wake, karani wake na mfagiaji wake.

Siku yangu ya kwanza nilifika mapema mno, nikazunguka nyuma ya soko mpaka saa ya kufungua ili nisionekane nimefika mapema mno. Nilikuwa na cheti cha uhandisi wa umeme ndani ya bahasha ya plastiki, na kichwani majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Tangazo la kazi lilisema mashine za kutotolea vifaranga, na kweli ndizo nilizozikuta: masanduku ya mbao yaliyopangwa hadi darini, kila moja na waya wake wa joto, feni yake ndogo, na thamostati, kile kidude kinachopima joto na kuamua kuwasha au kuzima. Ukutani, kwa rangi nyekundu, paliandikwa: UKIWA NA SHAKA, ZIMA.

Fundi Ombui alinieleza maana yake huku akimenya ndizi. Yai linavumilia baridi kwa muda. Hata kuku huinuka kwenda kula. Lisichovumilia ni joto likizidi. Kwa hiyo kila mashine inayotoka hapa imefungwa waya kwa namna moja: kipima joto kikiharibika, uzi wa umeme ukilegea, umeme ukiyumba, chochote kisichoeleweka kikitokea, joto linakatika lenyewe.

"Yai likipoa kidogo, utaomba msamaha," alisema. "Likiiva, utalila."

Niliipenda kanuni hiyo kuliko kanuni yoyote niliyofundishwa chuoni. Mimi nimekuwa na shaka tangu utotoni. Nikitoka nyumbani hurudi kuangalia kama nimefunga mlango, na nikishaangalia huanza kujiuliza kama kule kuangalia sikuufungua. Hatimaye nilikuwa nimefika mahali ambapo tabia yangu imeandikwa ukutani.

Alasiri hiyo Mwalimu alinipeleka nyuma ya karakana. Chini ya paa la mabati, kati ya rundo la mbao na mgomba mmoja uliokataa kung'olewa, palikuwa na ndege. Ilikuwa ya watu wawili, mifupa ya mbao, ngozi ya kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngoma, na puani injini ya gari la zamani, ile aina inayopozwa kwa hewa. Alikuwa ameijenga kwa miaka mingi, kwa mchoro alioagiza ng'ambo, kipande baada ya kipande, kadiri mashine za vifaranga zilivyomruhusu.

"Kerubo," aliniambia, "unajua nini kuhusu barafu?"

Nilisema inapatikana kwenye friji. Alilipokea jibu hilo kwa uzito, kama alivyopokea majibu ya wanafunzi wake wote, akasema huo ni mwanzo mzuri.

Kitabu kilichokuja na ule mchoro kilikuwa na sura moja kuhusu barafu. Kule walikokiandika, ndege zikiingia kwenye mawingu ya baridi, barafu hujishika kwenye ukingo wa mbele wa mabawa na kuziangusha, kwa hiyo wajenzi hubandika pale tepe zenye waya wa joto. Mwalimu hakutaka ndege yake iruke sura. Isitoshe, alikulia kwenye majani chai ya Nyamira, ambako aliona mvua ya mawe ikikwangua shamba zima kabla ya ugali kuiva, na tangu hapo aliamini kwamba juu ya vilima vyetu kuna ghala la barafu. Bibi yangu, magokoro, aliposikia kwamba nimeajiriwa kupambana na barafu ya angani, aliuliza kama nitaanza na shamba lake au la jirani.

Tepe nilizitengeneza kwa waya ule ule wa mashine za vifaranga. Naikumbuka kazi hiyo kwa upendo: kuunyoosha waya kati ya misumari miwili, kuulaza ndani ya kitambaa, kubandika, kupima kwa mita, kupima tena, kumwomba Fundi Ombui apime kwa sababu huenda mita inanihurumia. Mtaikuta mita hiyo kwenye droo. Ni ya manjano, ina ufa, na husema kweli ukiishika kwa mkono wa kushoto.

Shida ilikuwa mahali pa kujaribia. Hapa Kisii mvua ipo, ukungu upo, lakini baridi ya kugandisha bawa haipo. Ndipo tulipomwendea Mama Akoth, mwanamke wa kutoka upande wa ziwani, anayeuza samaki mjini na mwenye friza kubwa kuliko zote tulizozijua. Tulimpelekea kipande cha bawa kama mtu anavyopeleka mgonjwa. Alikitazama, akatutazama sisi.

"Nyathina," aliniambia, na tangu siku hiyo mimi ni mtoto wake, "mnataka kuigandisha ndege au kuiyeyusha?"

"Vyote viwili, mama. Kwanza moja, halafu nyingine."

"Ndiyo maana Wakisii hamfiki mapema."

"Mama, ninyi Mungu aliwapa ziwa," Fundi Ombui alimjibu. "Tuachie sisi hewa."

Alisogeza samaki wake, ngege na mbuta, tukalaza bawa kati yao, tukalinyunyizia maji. Lilipoganda vizuri tuliwasha tepe, na barafu ikaachia kwa sauti ndogo ya kupasuka, ikateleza kipande kizima. Mama Akoth alipiga makofi. Siku chache baadaye nilikaa na hesabu na kugundua kwamba tepe za mabawa yote mawili zingeinyonya betri mpaka ikauke kabla ndege haijapita Keroka. Kazi ya miezi ilikwenda rafuni. Mwalimu hakuhuzunika. Alisema tumepata jibu, na jibu ni hapana. Kile kipande cha bawa bado kipo juu ya kabati, na siku za mvua bado kinanuka samaki. Tafadhali msikitupe.

Barafu yenyewe ilikuja kutoka tusikoiangalia.

Tulikuwa tunaungurumisha injini asubuhi moja ya manyunyu, ndege imefungwa kwa kamba kwenye kisiki. Ilinguruma vizuri, halafu nguvu ikapungua polepole, ikakohoa, ikazima. Tulifungua kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa, tusione kitu ila matone. Mafuta yalikuwepo, moto wa plagi ulikuwepo. Tukaiwasha, ikakubali kama haikufanya chochote. Ilifanya hivyo tena siku nyingine, na tena, daima siku za unyevu, kamwe siku za jua. Fundi Ombui alisema mafuta yana maji. Mwalimu alisema tusikisie. Mimi nilikosa usingizi, nikiifungua kabureta ile kichwani.

Ilipozima tena, sikungoja. Nilikimbia nikashika bomba la hewa chini ya kabureta, nikauondoa mkono upesi. Lilikuwa limeota ukungu mweupe, kama chupa iliyotoka kwenye friza ya Mama Akoth. Tulipotoa kichujio tuliiona kabla haijatoroka: pete ya barafu kwenye koo la kabureta, mahali hewa inapobanwa na mafuta yanapogeuka mvuke. Mvuke huo hunyang'anya hewa joto lake, na unyevu uliomo unaganda hapo hapo, hata kama nje watu wamevaa mashati. Ndiyo maana kila tulipofungua polepole tulikuta matone tu. Mwalimu aliinama akaichungulia kwa karibu sana, karibu kuliko ilivyohitajika.

"Miaka yote nimefundisha mvuke na baridi yake," alisema, "na sikuwahi kuvikuta vimekaa pamoja hivi." Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetembelewa.

Hapo ndipo nilipogundua jambo la pili siku hiyo. Aliinama karibu hivyo kwa sababu haoni. Fundi Ombui alinithibitishia tulipokuwa tunanawa mikono: daktari wa macho alikuwa amemwambia Mwalimu kwamba ugonjwa wake utaendelea kufunga pazia kutoka pembeni, na dawa zinaweza kuchelewesha tu. Hakutaka tuzungumze habari hiyo. Alichotaka ni kuiona ndege hewani wakati pazia bado lina nafasi katikati.

Tangu siku hiyo kazi ilikuwa na haraka ambayo hakuna aliyeitaja. Nilitengeneza kipasha joto kidogo cha kukumbatia koo la kabureta, kinachokula umeme mdogo ambao jenereta ya injini ingeweza kuutoa bila kulalamika. Kisanduku cha kukiongoza tulikijenga sote, kwa njia tuliyoijua: thamostati, kipima joto, na taa ndogo ya kijani ya kuonyesha kwamba joto limewaka. Koo likipoa, joto linajiwasha. Likipata moto, linajizima. Rubani hahitaji kufikiri. Tulikijaribu benchini mpaka Fundi Ombui akasema nikikijaribu tena atanikata mkono.

Rubani wetu alikuwa Kapteni Momanyi wa Kenyenya, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, aliyefanya kazi miaka mingi akinyunyizia dawa mashamba ya ngano huko Narok kwa ndege zinazoruka chini kuliko miti. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuzigonga mbao za ndege kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi. Wakaguzi walikuja kutoka Nairobi, wakatazama, wakauliza, wakaondoka, wakaturuhusu safari ya majaribio juu ya uwanja wa Suneka, isitoke nje ya eneo hilo. Mwalimu akatangaza siku.

Nawaambia ninyi mnaoanza: tangazeni mambo yenu baada ya kuyafanya. Siku hiyo Suneka kulikuwa na hema, viti vya kukodi, kwaya ya kanisa la kina Mwalimu kutoka Nyamira iliyovaa sare, walimu wenzake wa zamani, na Mama Akoth na sufuria ya samaki. Kulikuwa pia na manyunyu. Mwalimu alivaa suti. Aliwekewa kiti mbele kabisa, kikielekezwa mahali ambapo ndege ingepita katikati ya kile alichobakiza kuona.

Kapteni aliwasha injini, akaiacha ipate joto. Nilisimama kando ya bawa nikiitazama taa ya kijani kupitia kioo. Ilikuwa inawaka. Halafu ikazima. Muda mfupi baadaye injini ikalegea, ikakohoa mara moja, ikashika tena kwa kusitasita. Kapteni alipunguza mafuta. Fundi Ombui aliingiza mkono chini ya kifuniko, akatafuta, akatoka na uzi wa kipima joto kati ya vidole. Mtikisiko ulikuwa umeulegeza. Uso wake ulikuwa na fahari.

"Umeona, Injinia? Uzi umelegea na kisanduku kimejizima chenyewe. Kiko salama kabisa. Naukaza, tunaendelea."

Nilifungua mdomo nikubali. Kwa hakika nilikubali, kwa sababu ndivyo tulivyokijenga, na kilifanya tulichokiamuru. Kisha neno lile likanirudia. Salama. Nikajiuliza, kwa nani?

Sijui kama mmewahi kuona kitu mlichokitazama kila siku kikigeuka mbele yenu. Tulikuwa watu wa mayai. Kila tulichojenga kilijua jambo moja: joto linaua, baridi inasamehe. Tulikuwa tumekiweka kisanduku cha mayai kwenye koo la ndege, ambako baridi ndiyo inayoua na joto ndilo linalosamehe. Uzi mmoja ukilegea hewani, kingefanya uamuzi wake wa busara, na Kapteni angekuwa juu ya vilima bila injini, taa ikiwa imezima kwa adabu.

Sasa fikirini nafasi niliyokuwa nayo. Katika karakana yetu mimi nilikuwa nimeshasimamisha kazi kwa sababu ya harufu niliyoiota. Nilishawahi kuzuia gari la kupeleka mashine Kenyenya, tukashusha kila sanduku, tukakuta kwamba sauti iliyonitia hofu ilikuwa saa ya dereva. Watu walinipenda, lakini shaka yangu haikuwa tena habari. Na mbele yangu mzee aliyevaa suti alikuwa anaitumia siku nzuri ya macho yake.

Nilipanda ngazi ya bawa nikamwambia Kapteni asiruke. Fundi Ombui alicheka kwanza, kisha akakasirika, kwa sauti ya chini ili kwaya isisikie.

"Kerubo, si leo. Uzi naukaza mara moja. Kuna nini tena?"

"Uzi si tatizo. Tatizo ni kwamba ukilegea, kinazima."

"Ndiyo kanuni. Ukiwa na shaka, zima. Wewe ndiye unayeipenda kuliko wote."

"Kanuni ya yai," nilisema. "Yai liko wapi hapa?"

Aliyejibu ni Kapteni. Alikuwa ameizima injini ili atusikie, na akatutazama mmoja baada ya mwingine, halafu akaitazama ile taa ndogo.

"Nafikiri ni mimi," alisema. Akafungua mkanda, akashuka taratibu.

Kwenda kumwambia Mwalimu ilikuwa kazi yangu. Nilichuchumaa kando ya kiti nikaeleza, nikarudia, nikaanza kuomba radhi kwa mpangilio mbaya wa maelezo. Aliniwekea mkono kichwani ili ninyamaze. Aliuliza swali moja tu: kurekebisha kutachukua muda gani. Nilisema sijui, na mvua za msimu zilikuwa zimeanza. Alitikisa kichwa kukubali, akaomba kwaya iimbe ilichokuja kuimba, watu wale samaki, na ndege ivutwe kurudi Kiogoro. Aliketi pale mpaka wimbo wa mwisho, uso wake ukielekea uwanja mtupu.

Wiki zilizofuata nilizipenda na kuziogopa. Fundi Ombui hakunisemesha siku mbili tatu, halafu asubuhi moja nikakuta ameshang'oa kisanduku chote na kukiweka benchini kwangu, akisema anataka aone jinsi kinavyozaliwa kinyume. Tulikigeuza. Tuliondoa thamostati. Tukaweka swichi moja kubwa mbele ya rubani, ya kushikwa hata na mkono unaotetemeka. Uzi wowote ukilegea, joto linawaka badala ya kuzima. Na kwa kuwa joto lisilozimika lina hatari yake, nilipunguza nguvu ya waya mpaka kikiachwa kinawaka hakiwezi kuunguza kitu. Nilikiacha kikiwaka kutwa nzima nikiwa nimekaa mbele yake na chai. Kukaa mbele ya kitu chenye moto bila kukizima lilikuwa zoezi gumu kwangu kuliko mtihani wowote wa chuo.

Kapteni alikuja kukijaribu akiwa ameketi ndani ya ndege palepale karakanani, na ndiye aliyetufundisha sehemu iliyobaki. Alisema barafu ikishaota, ukawasha joto, injini haitakushukuru. Inakuwa mbaya zaidi kwanza. Barafu inayeyuka, maji yanaingia injini, nayo inakohoa na kutikisika kama inayokufa. Rubani akidhani amekosea, huizima swichi, na hapo ndipo mambo huharibika.

"Lakini wewe unajua," nilimwambia.

"Mimi najua. Mkono haujui. Mkono unataka kurudisha ilivyokuwa."

Basi nilichukua ile rangi nyekundu ya ukutani na brashi nyembamba, nikaandika chini ya swichi: IKIKOHOA, USIZIME. Fundi Ombui alisoma, akatazama ukuta, akasoma tena. Alisema sasa karakana ina dini mbili.

Muda wote huo Mwalimu alikuja kila siku. Mwanzoni alikuwa akisoma michoro kwa kioo cha kukuzia. Baadaye akaacha kukileta. Alianza kuishika ndege badala ya kuitazama, akipitisha kiganja kwenye ukingo wa bawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Alimtambua kila mtu kwa hatua zake. Mimi alinitambua, alisema, kwa sababu hufika mlangoni, hurudi, kisha huingia.

Tulirudi Suneka bila hema wala kwaya. Tulikuwa sisi tu, na Mama Akoth, aliyesema hawezi kufunguliwa friza halafu anyimwe mwisho wa habari. Tungeweza kungoja siku ya jua, lakini Kapteni alisema hakuna maana ya kuijaribu dawa bila ugonjwa, alimradi mawingu yako juu na uwanja unaonekana wote. Nilikuwa nimeandaa sababu za kupinga. Nilizipitia zote njiani, nikakuta kila moja imeshajibiwa, na nyingi nilizijibu mwenyewe.

Aliruka. Sina namna nyingine ya kuliandika. Kitu kilichokaa chini ya mabati pamoja na mgomba kiliiacha ardhi mbele ya macho yetu, kikapanda, kikaanza kuzunguka uwanja. Mama Akoth alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwalimu alisimama wima kando yangu, uso umeinuka, lakini haukuwa umeelekea ndege ilipo. Nikaelewa kwamba pazia limekwisha kufunga. Hakuwa ameniambia. Hakuwa amemwambia yeyote, nafikiri, ili tusiharakishe.

Nilianza kumweleza: sasa yuko juu ya miti, sasa anakata kulia. Alisema kwa upole, "Nyamaza, mwanangu. Naisikia."

Kwenye mzunguko wa tatu au wa nne sauti ilianza kushuka. Mimi niliisikia baada yake. Mkono wake ulikuwa umeshanikaza bega. Nguvu ilipungua polepole, vilevile kama asubuhi ile ya kisiki. Kisha, ghafla, kikohozi. Nilijua kwamba Kapteni amewasha joto na maji yanaingia. Kikohozi cha pili, kibaya zaidi, na ndege ikatikisika tukaiona. Fundi Ombui alikuwa amesimama na vidole vimekunjwa kama mtu aliyeshika swichi. Nilitaka kuzima. Mwili wangu wote ulitaka kuzima kitu, chochote. Hapakuwa na cha kuzima pale chini, majani na matope tu. Kikohozi kingine kikaja, kikafuatwa na kimya kifupi ambacho sitakipima hapa.

Halafu injini ikasafisha koo, ikarudi na sauti yake yote, ikaenea juu ya vilima.

Mwalimu aliliachia bega langu.

"Hakuzima," alisema.

Kapteni aliposhuka, kola yake ililowa jasho. Alimwendea Mwalimu kwanza, wakashikana mikono muda mrefu. Kisha akanijia mimi akaninong'oneza kwamba mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi, umeikamata, ndipo akasoma maandishi yangu. Alisema nimeandika vibaya, herufi zimepinda. Nilimwambia nitayarudia. Alinikataza.

Kwa hiyo msiyarudie hata ninyi. Ndege iko pale nyuma, huruka siku ambazo Kapteni ana nafasi, na Mwalimu huja kuisikiliza. Mimi naenda Nyamira, kiwanda cha majani chai, kusimamia mashine za kukaushia, ambako barafu haihitajiki. Nimewaachia mita ya manjano, waya uliobaki, na kanuni mbili kwa rangi moja. Ile ya ukutani ni ya mayai. Ile nyingine iko kwenye ndege. Kabla hamjagusa swichi yoyote katika karakana hiyo, ulizeni kwanza yai ni nani. Mkishajua, na mkasikia kikohozi, mwiteni Mwalimu asimame karibu. Atakisikia kikiisha kabla yenu.